Siku Tuliyoipa Bahari Mgongo

Itumbe,
Jumamosi jioni, Sabato imekwisha

Makori mwanangu,

Sikuandikii habari za sabuni. Wala chandarua, wala shuka, wala ile sweta uliyoitoa sandukuni nikairudisha, ukaitoa tena, nikairudisha tena. Umesema pwani kuna joto. Mimi nimeishi pwani kabla wewe hujaota meno, na najua kuna joto, lakini basi la Kisii linaondoka alfajiri na baridi ya alfajiri ya Kisii unaijua. Ivae au usiivae. Nimenyoosha mikono.

Nakuandikia kwa sababu nimechoka. Nimechoka na wewe, nimechoka na baba yako, na kama ningekuwa na mahali pa kukaa wiki moja bila kuwaona nyote wawili, ningekwenda hata kwa miguu. Tangu ile homa yako mwezi uliopita hamsemezani. Mwambie baba panga liko nyuma ya ghala. Mwulize mwanao kama ameshapeleka majani ya chai kituoni. Mnasimama hapo uani, mtu na mwenzake, kila mmoja anamsikia mwingine vizuri kabisa, na mimi katikati na sufuria mkononi nageuka kulia na kushoto kupeleka maneno. Kesho unakwenda Mombasa kusomea ualimu. Hurudi mpaka Desemba. Na hata leo, siku ya mwisho, mmetumia mdomo wangu kama kawaida.

Nimekuandikia kwa Kiswahili, na najua umeshangaa. Kwa Ekegusii nisingeweza. Kuna mambo mama hamwambii mwanawe aliyekwisha kutoka jandoni, na nitakayoandika hapa ni ya aina hiyo. Unaijua chinsoni yetu, ile haya na heshima inayomfanya baba na mwanawe wasionane bila nguo, na mkwe asimguse mkwe hata mkono. Kwa lugha yetu kalamu ingekwama kwenye sentensi ya kwanza. Lakini Kiswahili nilijifunza kwa wanawake wa Mombasa, kwenye foleni ya bomba la maji, na wanawake wale walikuwa wakisema kila kitu na ndoo kichwani. Kwa lugha yao naweza kusema.

Barua naiweka kwenye kikapu, juu ya chakula chako cha usiku huu. Kama umeanza kula, acha kwanza. Ugali wa wimbi haupoi upesi.

Ile homa. Siku mbili zile ulipokuwa umelala humo kwenye kibanda chako, nikaingia na uji, ukaniambia maneno ambayo sijayasahau. Ulisema, "Baba anangoja nife ndiyo aingie." Halafu ukageukia ukutani. Ulisema hivyo kwa sababu uliona mgongo wake pale mlangoni. Majirani waliingia, shangazi yako aliingia, mzee wa kanisa aliingia akaomba mpaka uji ukaganda, na baba yako alisimama nje amekupa mgongo. Desturi inamkataza baba kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wewe hujaoa. Lakini baba yako, kama unavyomjua, ni mkali kuliko desturi yenyewe. Alianza siku ile ile ulipotoka jandoni ukajengewa kibanda, na tangu hapo hajakanyaga humo hata kuziba tundu la paa.

Sasa nitakueleza ule mgongo ulianzia wapi. Tulia unisikilize, kwa sababu ulikuwepo, ila ulikuwa mtoto wa mgongoni.

Uhuru ulikuwa bado haujafika. Baba yako alikuwa karani wa bohari kule bandarini, nasi tulikuwa na chumba kimoja na jiko la makaa. Babu yako, baba yake, akatoka hapa hapa Itumbe kuja kumwona mjukuu. Alipanda basi mpaka Kisumu, kisha gari moshi, akashuka Mombasa na unga wa wimbi na mkungu wa ndizi, utadhani Mombasa hakuna ndizi. Ulikuwa umri ule wa mtoto kukaa mwenyewe na kuangukia ubavu. Alikutazama sana, akaridhika. Kesho yake baba yako akampeleka Likoni kumwonyesha bahari.

Makori, sijui kama umewahi kuona picha ya Likoni. Pale kwenye feri maji ni mkono tu wa bahari unaoingia ndani, na ng'ambo inaonekana, watu na mbuzi na yote. Babu yako akatazama, akasema ziwa la Kendu ni kubwa kuliko hili. Ujanani alikuwa akienda Kendu kwa miguu kutafuta chumvi, kwa hivyo ziwa aliliona lake. Baba yako akamweleza kwamba ule ni mlango tu, bahari yenyewe haina ng'ambo. Babu yako akasema ng'ambo ameiona kwa macho yake. Walibishana pale feri, wakabishana kwenye ngazi, wakabishana chakula cha jioni, mmoja akiwa kitandani na mwingine mlangoni, maana hata kula hawakuweza kula pamoja wakaangaliana vizuri. Mwishowe baba yako akasema basi, Jumapili tutatembea kando ya bahari kutwa nzima, na kama ng'ambo itaonekana, yeye atakubali. Babu yako akasema kutembea si tatizo, yeye alikwenda Kericho kwa miguu kuchuma chai ya Wazungu kabla baba yako hajazaliwa.

Ndivyo safari ilivyopatikana. Ubishi mtupu. Na mimi niliyekuwa sina neno kwenye ubishi huo ndiye niliyeamka kupika viazi na kujaza chai kwenye chupa.

Tulivuka feri gizagiza, tukapanda basi mpaka Waa, tukakatiza kwenye minazi hadi mchangani. Kutoka hapo tulikusudia kutembea kusini mpaka tupite Diani, kisha tupande barabarani tutafute basi la kurudi. Maji yalikuwa yametoka. Mchanga ulikuwa mgumu na mweupe, wa kutembea vizuri, na bahari iko mbali inanguruma kwenye mwamba. Nikwambie kweli, nilifurahi. Kwa muda nilisahau kabisa kwamba niko na watu wawili wenye vichwa vigumu.

Babu yako alitangulia. Alivaa koti lake jeusi la Sabato, la sufu, na kofia, na viatu amevifunga kamba akavitundika shingoni visiingie chumvi. Baba yako alifuata kwa mbali, suruali ya kazini na tai, eti asionekane mhuni mbele ya baba yake. Mimi nilifuata mbali zaidi, wewe mgongoni, kikapu kichwani. Mtu angetutazama kutoka minazini angedhani ni watu watatu wasiojuana wanaokwenda misiba mitatu tofauti. Kila nilipokaribia, ilinibidi nipunguze mwendo nisije nikakanyaga kivuli cha babamkwe.

Mara kwa mara babu yako alisimama, akaweka mkono juu ya macho, akatazama baharini. Baba yako naye alisimama, akangoja. Babu yako akasema, ni ukungu tu, ng'ambo iko. Tukaendelea.

Pale tulipokula ndipo uchungu wa leo unaponirudia. Tulikula chini ya minazi mitatu. Babu yako mnazi wake, baba yako mnazi wake, mimi na wewe mnazi wetu. Nilimpa baba yako viazi, akampelekea baba yake, akarudi akachukua vyake, akarudi akachukua chai, akapeleka, akaja kuchukua kikombe kwa sababu kikombe kilikuwa kimoja. Kwa kula viazi tu tulipoteza sehemu nzuri ya mchana. Nilikuwa naiona bahari inavyorudi. Haikuja kwa haraka. Ililamba mchanga, ikarudi, ikalamba juu kidogo. Jirani zangu wa bombani walikwisha kunieleza maji yanavyojaa na kutoka. Baba yako naye alikuwa anajua, mtu wa bandari. Hata babu yako aliyaona, hakuwa kipofu. Sote watatu tulijua.

Sasa, mkaza mwana hamsemezi babamkwe ovyo. Kama ana neno, analipitisha kwa mumewe, au anamwambia mtoto kwa sauti ili mzee asikie. Nikakuinua, nikakwambia, Makori, mwambie babu maji yanarudi. Wewe ukacheka ukanitemea kiazi. Babu yako akaendelea kunywa chai. Baada ya muda nikakwambia tena. Akafuta mdomo. Kwa hivyo ukijiuliza ni nani alikufundisha kupeleka maneno kupitia mtu mwingine, basi nakwambia ulianza kazi hiyo kabla hujajua kusema, na mimi ndiye niliyekuajiri.

Tulifika kwenye mdomo wa mto saa mbaya. Ni mto mdogo unaoingia baharini kabla ya Diani. Maji yakiwa yametoka unavuka bila hata kufikiri. Tulimkuta mama mmoja wa kule anatoka kwenye mwamba na pweza wawili kwenye kijiti. Akapandisha leso yake, akavuka, maji yakimfika juu ya magoti kidogo. Alipofika upande wa pili akageuka akatuambia tuvuke, maji yanajaa. Tukamshukuru. Akaenda zake.

Tukabaki tumesimama.

Naomba uelewe tulichokuwa tunakingoja. Ili uvuke, ilibidi upandishe nguo mpaka mapajani. Babu yako asingeweza kupandisha suruali mbele yangu. Baba yako asingeweza mbele ya baba yake. Mimi, mke mgeni, nipandishe gauni mbele ya babamkwe? Na kuvuka na nguo zako hivyo hivyo ni vibaya zaidi, kwa sababu nguo ikilowa inagandamana na mwili inakuonyesha wote. Tulisimama pale kama watu waliofungiwa duka. Babu yako akasema baba yako atangulie. Baba yako akasema hawezi kumtangulia mzee akamwonyesha mapaja yake. Basi, wakasema, mimi nitangulie. Mimi nikakwambia wewe, Makori, waambie mama hawezi kupita mbele ya babu. Na maji hayakuwa yakituonea haya.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sitakuficha. Ningeingia tu. Ningepandisha gauni, au ningeingia nalo, na wao wangegeuka wenyewe wasinione, halafu wangenifuata kwa aibu. Lakini nilitaka kusifiwa. Nilitaka mzee akirudi Itumbe aseme mke wa Ombati ana adabu. Kwa hiyo nilikaa kimya, na nilipofungua mdomo nilisema na mtoto mchanga.

Baada ya majadiliano wakafikia uamuzi. Babu yako atavuka kwanza, peke yake. Atavulia nguo nyuma ya jabali, azifunge furushi, aliweke kichwani, aingie majini. Sisi tutaipa bahari mgongo, tutazame minazi. Akifika ng'ambo atavaa, kisha atakohoa kwa nguvu tujue amevuka. Kisha yeye naye atageuka, baba yako atavuka, atakohoa. Kisha mimi. Huo ulikuwa mpango wa watu wazima watatu wenye akili zao, mmoja wao, babu yako, mzee wa kanisa. Na maji wakati huo yalikuwa yanafika kiunoni.

Tukageuka. Nilitazama mnazi mmoja ambao hata leo naweza kukuchorea. Tulisikia anaingia, chubwi, chubwi. Halafu tukasikia mawimbi tu. Tukangoja kikohozi.

Baba yako akaita, "Tata, umevuka?" Hakujibiwa. Akaita tena. Niliona shingo yake imekakamaa na ngumi zimekunjwa, na kichwa hakigeuki. Akaita mara nyingine, polepole, sauti ya mtoto, bado anatazama minazi.

Mimi niligeuka.

Koti jeusi lilikuwa linaelea. Kofia ilikuwa mbele yake, inakwenda baharini. Halafu nikaona kichwa cha babu yako, kikapotea, nikaona mkono. Mchanga wa pale unahama chini ya miguu, na mto unasukuma nje huku bahari inasukuma ndani, na mtu asiyejua maji anazungushwa. Nikakufungua mgongoni, nikakuweka na leso yako kwenye mchanga mkavu, nikaingia mbio. Maji yalinifika kifuani. Nilimshika mkono ukaniteleza. Nikamshika kiuno. Nilimkumbatia babamkwe wangu, hana uzi mwilini, nikamng'ang'ania kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Haya, nimeandika. Mbali na baba yako, hakuna mtu mwingine anayelijua jambo hili, na aliyekuwa nalo pamoja nami amekwisha kuzikwa.

Sikuweza kumtoa. Kila nikipiga hatua mchanga unaondoka. Nikamwita baba yako kwa jina lake, Ombati, mbele ya baba yake, jambo ambalo mke wa kwetu hafanyi. Nikategemea atakuja mbio.

Alikuja kinyumenyume.

Sikutanii. Aliinyakua leso chini yako, ukabingirika mchangani ukaanza kulia, akaishika ncha moja, akairusha nyuma yake, akaanza kurudi nyumanyuma kuingia baharini na suruali yake na tai yake, macho kwenye minazi. Leso inapiga maji huku na huku na yeye haoni kitu. Ilibidi mimi, maji mdomoni, mzee mikononi, nimwelekeze. Kushoto. Kushoto, mjinga wewe. Hayo pia mke hasemi. Nikaidaka. Akainama akavuta kama ng'ombe wa jembe, tukatoka nyuma yake, mimi na baba yake, na hata tulipofika mchangani hakugeuka.

Babu yako alijifunga leso yangu, ile ile niliyokubebea, akakaa nyuma ya jabali akitapika chumvi. Koti na suruali vilikwenda na maji. Baba yako alivua shati akalirusha juu ya jabali bila kutazama. Mimi nilikuokota wewe, nikakupangusa mchanga machoni.

Hatukuvuka. Tulifuata kingo za mto tukapanda kwenye mashamba ya minazi mpaka barabara kuu, babu yako mbele na leso ya maua mekundu na shati la karani, baba yako nyuma yake kifua wazi na tai shingoni, hakukumbuka kuivua. Watoto walitufuata wakicheka. Pale tulipongojea basi tulisimama kila mtu mbali na mwenzake. Kisha babu yako akanisogelea. Alisogea karibu kuliko alivyowahi kusogea. Hakunitazama. Alikushika mguu, akakwambia wewe, "Mwambie mama yako mimi ni mzima. Na mwambie baba yako ng'ambo sikuiona."

Basi likaja. Alirudi Itumbe wiki ile ile, akawaambia watu bahari ni kitu cha kawaida, ubaya wake ni chumvi. Kwa desturi ilipasa tuchinje mbuzi, tutakaswe kwa kuonana na kugusana vile. Yeye hakusema, baba yako hakusema, mimi hakuna aliyeniuliza. Tukaiacha ikafa.

Lakini mimi sikuiacha. Hilo ndilo nililotaka ujue, kuliko hata habari ya bahari. Nilimwekea baba yako kinyongo. Nilimpikia, nikamzalia, tukahamia huku tukapanda chai pamoja, na ndani ya moyo wangu nikawa nasema, mwanamume huyu alisikia baba yake anakufa maji na hakugeuza shingo. Kila alipofanya jambo lake la heshima kupita kiasi nilimtazama nikaiona ile tai. Nilimdharau, Makori, na yeye alijua namdharau, na sikumwuliza hata siku moja kwa nini. Nilijiona najua.

Ndipo ikaja homa yako. Ulikuwa unaweweseka, unamwita. Nikatoka nje na hasira ya miaka yote hiyo imenipanda kichwani. Alikuwa pale mlangoni pako, amekipa kibanda mgongo, anatazama migomba. Nikamwambia aingie. Nikamwambia mtoto hajaoa, hakuna sheria ya mtu yeyote hapa, ingia umshike mkono mwanao. Nilimwambia na mengine ambayo hata Kiswahili hakitayabeba.

Hakugeuka. Alisema, "Siku ile niliogopa kugeuka nikute hayupo."

Nikamwuliza, na sasa? Akasema, na sasa vilevile.

Nilikaa chini kwenye kizingiti chako na kikombe cha uji. Miaka yote ile nilidhani ni haya, kumbe ilikuwa woga, na desturi aliishika kwa sababu ilimpa mahali pa kuuficha. Alisimama hapo mpaka jogoo wakawika. Na nikaona kitu kingine ambacho wewe, na uso wako ukutani, hukukiona. Kila ulipokohoa, mabega yake yalishuka. Ukinyamaza sana yanapanda tena. Ukikohoa yanashuka.

Sikwambii uache desturi zetu. Nazishika mwenyewe, na ukioa sitaki kusikia mke wako ananipita mbele ovyo. Wala sikwambii baba yako hana makosa. Anayo, na mimi ndiye ninayelala nayo. Anachosha. Wewe nawe unachosha, una shingo ile ile, na nikikuona unavyokunja ngumi ukikasirika nakumbuka ile minazi. Nasema tu kwamba wewe uliona mgongo ukadhani umekataliwa. Mimi niliuona mgongo huo huo kabla yako, nikadhani hivyo hivyo, na nimepoteza nao miaka mingi. Sitaki ukapoteze yako huko Mombasa.

Siku moja ukipata nafasi, nenda kwenye mdomo wa ule mto. Nenda maji yakiwa yametoka. Utashangaa ni kijito tu.

Nimeandika hivi nikiwa dirishani na taa. Amerudi kutoka kufunga ng'ombe, na ng'ombe walikwisha kufungwa tangu jua lilipozama. Amesimama kati ya ghala na mlango wako, amekupa mgongo. Mara ya kwanza jioni hii alijifanya anatafuta jembe. Mara ya pili alijifanya anasikiliza kama mvua inakuja. Sasa hajifanyi kitu, amesimama tu. Nimemwita ale, hajaja.

Yeye hawezi kuingia kwako. Nimekwisha kulikubali hilo, hataingia hata nyumba ikishika moto, atakurushia leso kwa nyuma. Kwa hiyo toka wewe. Usingoje kesho kwenye basi, kesho kutakuwa na watu na mizigo na mimi nitakuwa nalia. Toka sasa. Na kama huna la kumwambia, simama mlangoni, ukohoe.

Mama yako, ambaye kuanzia jioni hii hapeleki tena maneno ya mtu.